SOMO LA WAFANYAKAZI: LANGO LA PROGRAMU ZA MSHAHARA



Katika baadhi ya mashamba ya chai kilo zetu sasa hupimwa kwa mizani ya umeme, na hesabu huingia moja kwa moja katika kompyuta. Inatupasa tujue huko ndani kuna nini.

Zamani programu ya mshahara ilikuwa moja kubwa, nayo ilikaa katika mashine ya kampuni. Siku hizi mara nyingi hugawanywa ndogo ndogo: moja hupokea kilo, nyingine huhesabu ujira, nyingine hukata mkopo na ada ya chama. Mashine zenyewe hukodiwa, kwa mfano kwa Amazon, waliotangaza huduma yao iitwayo Lambda mwaka 2014. Programu huamshwa kazi inapofika, hulipiwa muda iliofanya kazi, kisha hulala. Ni kibarua wa kutwa hasa!

Lakini ziko kazi ambazo kila programu inazihitaji: kumtambua aliyeleta habari, kuandika kumbukumbu, kushughulikia makosa. Zikiandikwa upya kila mahali, pengine patasahauliwa. Kwa hiyo mafundi hutengeneza programu ya kati, mfano wa askari wa lango, ambaye kila agizo humpitia likiingia na likitoka. Kila programu ina askari wake, ila wote wana amri moja. Amri ikiwa mbovu, ni mbovu kila mahali.

Tuchukue mchumaji anayekatwa shilingi 5,000 za mkopo kila mwezi. Programu imekwisha kata, halafu inakwama kabla ya kumaliza kazi. Lambda, ikiwa ilipewa kazi isiyosubiriwa jibu, hujaribu tena mara mbili, isipokuwa fundi ameibadilisha. Jumla ni mara tatu: shilingi 15,000 zimekwenda, na mwizi hayupo. Dawa yake ni askari wa lango kusoma namba ya kila agizo. Akikuta namba hiyo imekwisha tekelezwa, asiiruhusu tena, arudishe jibu lile la kwanza. Na namba iandikwe pamoja na makato kwa mkupuo mmoja; ikiandikwa baadaye, tumerudi pale pale.

Kwa maoni yetu kuna baya kuliko hilo: askari anayeficha makosa. Programu ya kilo imeshindwa, naye anajibu kwamba zimepokelewa. Karani wa mizani hana habari, mchumaji hana habari, mpaka siku ya mshahara.

Tawi likikaa na mwajiri, limtake fundi atume agizo moja la makato mara mbili mbele ya wajumbe, kwa jina la majaribio. Kisha azime programu ya kilo, tuone mizani itasema nini. Makato yakitoka mawili, au mizani ikisema kilo zimepokelewa, mashine haijawa tayari, na mchumaji aendelee kupewa karatasi yake ya kilo kila jioni.