Waridi la jangwa linapotelea kwenye mwamba

*Napiga picha za waridi la jangwa huku Samburu. Kwa macho linapendeza, ila pichani shina linapotelea mwambani na maua yanapauka. Kamera yangu ni mbovu?*
*Msomaji, Archer's Post*

Kamera yako haina kosa, usiibadilishe. Shina la mmea huo ni la kijivu, karibu sawa na mwamba, na jua kali hufifisha rangi ya maua.

Subiri jua lizame nyuma ya kilima. Mwanga sasa hutoka anga nzima, vivuli hulainika, rangi hurudi. Lakini karibu na ikweta giza huingia upesi. Una dakika 20 hivi, kwa hiyo chagua mahali mapema. Chuchumaa, sogea pembeni, mpaka maua yawe mbele ya ufa au upande wa mwamba wenye giza. Hatua hiyo moja naithamini kuliko lenzi yoyote ya bei.

Tumia stendi, ISO 100, f/8, na upunguze mwangaza kidogo.

Picha zikitoka na ukungu hata kwenye stendi, mwone fundi. Na usivunje matawi: utomvu wake ni sumu. Ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi, kisha nenda zahanati.