SAFARI YA MELI NA SHERIA ZA AFYA: TUULIZE KABLA YA KUPANDA

Kutoka Muheza hadi bandari ya Tanga ni mwendo mfupi wa basi. Hapo watu wetu hupanda meli kwenda Pemba na Unguja kwa biashara, kwa harusi na kwa misiba. Wengine huendelea na barabara hadi Horohoro, wakavuka mpaka kwenda Mombasa kwa ndugu zao.

Kabla ya safari familia hutafuta nauli, hufunga machungwa ya zawadi, huosha nguo za watoto. Jambo moja husahaulika mara nyingi, nalo ni sheria za afya kwa wasafiri. Sheria hizi zina tabia inayowachosha watu: hubadilika. Aliyesafiri mwaka juzi bila kuulizwa lolote, mwaka huu anaulizwa cheti. Aliyeambiwa cheti chake kimekwisha, kumbe bado ni kizima. Katika somo la mwezi huu tutazame kwa nini sheria hizi hubadilika, na familia ifanye nini isije ikakwama njiani.

1. Sheria hizi zilianzaje?

Magonjwa makubwa ya zamani yalisafiri kwa merikebu. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliamuru kwamba wanaotoka sehemu zenye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye miji mingine ikafanya siku 40. Ndiyo maana tunasema karantini: neno hilo limetokana na neno la Kitaliano lenye maana ya arobaini.

Kwetu pwani jambo hili si geni. Katika kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja, lipo jengo lililojengwa miaka ya 1890 likikusudiwa kuwa gereza. Baadaye kisiwa hicho kilitumika kuwatenga abiria wa meli walioshukiwa kuwa na magonjwa ya kuambukiza.

Mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilitunga kanuni moja kwa mataifa yote, kuhusu magonjwa sita: tauni, kipindupindu, homa ya manjano, ndui, homa ya chawa iitwayo taifasi, na homa ya papasi. Tusidhani kuwa hayo yalikuwa mambo ya ng’ambo tu. Wilaya ya Lushoto, katika mkoa wetu huu wa Tanga, ilisumbuliwa na tauni kuanzia mwaka 1980 kwa zaidi ya miaka 20.

2. Mbona zinabadilika?

Wapo wanaosema wakubwa hubadilisha sheria ili kutusumbua. Sababu zenyewe ni tatu, na zote zaeleweka.

Ya kwanza, ugonjwa waweza kwisha. Zamani hakuna aliyevuka mpaka bila cheti cha chanjo ya ndui. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, mwaka 1977. Mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kuwa ndui imetoweka, na sharti la cheti likaondolewa.

Ya pili, elimu huongezeka. Sindano ya kipindupindu ya zamani ilionekana kuwa haizuii ugonjwa kuvuka mipaka, kwa hiyo mwaka 1973 sharti lake likafutwa katika kanuni za kimataifa. Kipindupindu huzuiwa na maji safi, choo na mikono iliyonawiwa kwa sabuni, si kwa mhuri wa mpakani.

Ya tatu, ugonjwa mpya waweza kuzuka. Tukumbuke UVIKO-19. Mwezi wa Machi 2020 waliotoka nchi zenye maambukizi makubwa waliagizwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zao. Tarehe 18 Mei mwaka huohuo sharti hilo likaondolewa. Baadaye vikatakiwa vyeti vya kupimwa. Tarehe 17 Machi 2022 waliokamilisha chanjo wakasamehewa kupimwa. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa dharura ya kimataifa imekwisha. Hayo yote yalipita katika miaka mitatu tu. Mtu aliyetegemea habari za mwaka uliotangulia alikwama.

Vivyo hivyo ugonjwa wa Marburg ulipotokea mkoani Kagera mwaka 2023, na tena mapema mwaka 2025, wasafiri walipimwa joto mwilini. Marburg huua wengi, na aliyeambukizwa aweza kukaa hadi siku 21 kabla ya kuugua. Na mwezi wa Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya aligunduliwa katika kituo cha mpakani huko Taita Taveta, jirani kabisa na sisi. Basi yule afisa afya anayekusimamisha haupotezi muda wako bure. Kazi yake ndiyo hiyo.

3. Homa ya manjano na cheti chake

Sharti linalowagusa watu wetu zaidi ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ugonjwa huu huletwa na virusi, na huenezwa na mbu aumaye mchana, ambaye huzaliana katika maji yaliyotuama kwenye mitungi, madebe na matairi mabovu. Siku tatu hadi sita baada ya kuumwa, mtu hushikwa na homa, maumivu ya kichwa na mgongo, na kutapika. Wengi hupona. Wachache hurudiwa na homa kali, macho yakawa ya manjano na damu ikatoka. Katika hao, karibu nusu hufa. Hakuna dawa ya kuua virusi hivyo, ila chanjo ipo, nayo ni nzuri sana.

Mambo haya yafaa yajulikane katika kila nyumba:

(a) Kwa safari ya ndani ya nchi, kama Tanga hadi Pemba, cheti hiki si sharti la kawaida. Wazee wanaokumbuka kuombwa kadi walipoingia Zanzibar miaka ya 1990 wasishangae. Siku hizi Tanzania huhesabiwa miongoni mwa nchi ambazo uwezekano wa kupata ugonjwa huu ni mdogo.

(b) Kenya na Uganda zimo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Tanzania hudai cheti kwa kila mtu wa umri wa mwaka mmoja na zaidi anayeingia kutoka nchi za namna hiyo. Kwa hiyo mtu wa Muheza aliyekwenda Mombasa aweza kukutwa na sharti hili wakati wa kurudi nyumbani kwake! Wengi hawalitazamii hilo, hasa kama walipokwenda hawakuulizwa.

(c) Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa leo na kuvuka kesho, kwa sheria bado huna cheti.

(d) Zamani cheti kilidumu miaka 10. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kanuni za kimataifa zinasema kinadumu maisha yote ya mwenye nacho, pamoja na vile vya zamani vilivyoandikwa miaka 10. Usikitupe cha zamani, wala usichanjwe tena kwa sababu tu umeambiwa kimekwisha. Uliza kwanza kituo cha afya cha mpakani au bandarini.

(e) Wako watu wasiofaa kuchanjwa ovyo: watoto wa chini ya miezi sita, wenye mzio mkali wa mayai, na wenye kinga ya mwili iliyodhoofika sana. Watoto wa miezi sita hadi minane hawachanjwi ila wakati wa mlipuko. Akina mama wajawazito na wanaonyonyesha, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na wazee wa miaka 60 na zaidi wamwone daktari kwanza. Daktari akiona chanjo haifai, aweza kuandika barua rasmi ya kumsamehe mtu huyo. Barua hiyo ichukuliwe safarini. Hata hivyo nchi unayoingia ina haki ya kukuweka chini ya uangalizi kwa muda.

4. Jihadhari na cheti cha kununua

Tuchukue mfano. Simu inapigwa usiku: shangazi amefariki Mombasa, maziko ni kesho kutwa. Watu wanne wa nyumba moja wanataka kuondoka alfajiri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchanjwa. Hapo ndipo hutokea mtu stendi akisema, “Nipeni fedha, kadi nitawaletea sasa hivi, hakuna haja ya sindano.”

Twaielewa haraka ya msiba. Lakini kadi hiyo ni ya uongo, na hasara yake ni mara mbili. Kwanza ni kosa la jinai, na ukigunduliwa utazuiwa na kushitakiwa. Pili, na hili ndilo kubwa, mbu hasomi kadi. Unavuka mpaka ukidhani umekingwa, kumbe huna kinga yoyote, na ukirudi na virusi waweza kuwapelekea majirani zako.

Dawa ya tatizo hili ni kutangulia. Kifo hakitoi taarifa ya siku 10. Familia yenye ndugu Kenya au Uganda ichanjwe mapema, katika kituo kinachotambuliwa na serikali, wakati hakuna haraka. Kwa kuwa cheti ni cha maisha yote, gharama hiyo ni ya mara moja tu.

5. Ndani ya meli

Meli za kimataifa nazo zina vyeti vyao. Meli hukaguliwa jikoni, vyooni, kwenye matangi ya maji na penye panya, kisha hupewa cheti cha usafi kinachodumu miezi sita. Kabla ya kutia nanga katika bandari ya nchi nyingine, nahodha huweza kutakiwa kutoa taarifa kama ana wagonjwa. Ile bendera ya manjano itundikwayo mlingotini maana yake ni kwamba meli ni nzima na inaomba ruhusa ya kuingia.

Kwa nini uangalifu wote huo? Kwa sababu melini watu husongamana, hula pamoja na hutumia vyoo vilevile. Mwezi wa Februari 2020 meli ya watalii iitwayo Diamond Princess ilizuiwa katika bandari ya Yokohama, Japani. Ilikuwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 kati yao waliambukizwa virusi vya korona.

Kwa safari zetu za saa chache, mambo haya yatosha: nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, beba maji yako yaliyochemshwa, mtoto akihara, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti na mjulishe mhudumu wa meli, usimfiche. Wakati wa kipindupindu tutii makatazo ya vyakula. Mwaka 2016, kwa mfano, Zanzibar ilipiga marufuku uuzaji wa vyakula na vinywaji mitaani mpaka hali ilipotulia.

Tena tusisahau malaria. Wenzetu wa Unguja na Pemba wamejitahidi miaka mingi hadi malaria imekuwa chache sana kwao, na wagonjwa wengi wanaoonekana huko huhusishwa na safari za kutoka Bara. Sisi tunatoka mahali penye mbu wengi. Ukiwa na homa, pima kabla ya kupanda meli, umeze dawa yote, na ulale ndani ya chandarua huko uendako.

6. Kabla ya safari

– Uliza kwanza, wiki mbili au zaidi kabla: afisa afya wa wilaya, afya bandarini Tanga, kituo cha Horohoro, au namba 199 ya Wizara ya Afya. Usitegemee maneno ya stendi.
– Ukiambiwa habari, uliza ni ya tarehe gani. Uliza tena siku mbili kabla ya kuondoka.
– Tazama kama jina katika cheti ni sawa na la pasipoti, na kama tarehe, namba ya chanjo, sahihi na mhuri vipo. Weka kivuli chake nyumbani.
– Mwenye dawa za kila siku, za presha, kisukari au ARV, achukue za kutosha na siku kadhaa za ziada, zikiwa katika vifungashio vyake, pamoja na kadi ya kliniki.
– Mwenye ndugu wa uraia wa kigeni anayekuja kutembea Zanzibar amjulishe kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni kutoka nje hutakiwa kukata bima ya safari ya huko.
– Ukiugua ndani ya wiki tatu baada ya kurudi, mwambie mganga ulikotoka. Neno hilo moja laweza kuokoa maisha yako na ya wengine.

Ndugu wasomaji, kanuni za kimataifa zilirekebishwa tena, na marekebisho hayo yakaanza kutumika tarehe 19 Septemba 2025. Sasa zinatambua pia vyeti vya afya vilivyo katika mtandao. Bila shaka zitabadilika tena. Hatuwezi kuzikariri zote, lakini kuuliza twaweza sote.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika nyumba yetu ni nani mwenye cheti cha homa ya manjano, na kimewekwa wapi?
2. Tukipata msiba Kenya leo, nani angeweza kuondoka na kurudi bila kukwama?
3. Kuna madebe, matairi au mitungi gani uani kwetu inayozalisha mbu, na nani ataishughulikia wiki hii?