Rangi ya Simi na Siri ya Chuma

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ukiona simi ya pambo inayometameta samawati au rangi ya dhahabu, usidhani kila mara kuwa fundi amefungua kopo la rangi. La hasha! Mara nyingine ni kazi ya moto.

Chuma kilichopigwa msasa kikipashwa moto, huungana na oksijeni ya hewani na kufanya utando mwembamba sana. Mwanga hurudi kutoka juu ya utando na pia kutoka chini yake, ndipo tunaona rangi, kama mafuta ya gari yaliyomwagika barabarani siku ya mvua. Utando ukinenepa, rangi hubadilika.

Sasa tutazame vyuma vitatu.

Kwanza ni springi kuukuu ya gari. Hapa Juja, kati ya Ruiru na Thika, magari hayaishi barabarani, na wahunzi wa jua kali huipenda springi kwa sababu ina kaboni ya kutosha. Ikichomwa ikawa nyekundu, kisha ikatumbukizwa katika mafuta, huwa ngumu lakini huvunjika upesi. Kwa hivyo fundi huipasha tena polepole. Karibu digrii 230 hugeuka rangi ya majani makavu, 280 zambarau, na 300 samawati. Kadiri joto linavyopanda, ugumu hupungua na simi hunepa bila kukatika.

Pili ni chuma laini cha ujenzi. Hiki nacho hupata rangi zizo hizo! Lakini kaboni yake ni kidogo, hakikuwa kigumu tangu mwanzo. Samawati yake ni pambo tu.

Tatu ni chuma kisichoshika kutu, kama cha vijiko. Kina kromiamu inayokikinga, hivyo rangi huchelewa hadi moto uzidi sana.

Basi rangi hueleza joto lililopita, haielezi aina ya chuma. Ukinunua simi au panga la kazi, pitisha tupa ukingoni: ikila kirahisi mno, hicho ni chuma laini. Tena, kisu kigumu kikinolewa kwa mashine hadi ukingo ugeuke samawati, ugumu wake umepotea pale pale. Kinoe taratibu, ukikipoza kwa maji.

Mwanakijiji aendaye shambani hahitaji rangi, ahitaji makali. Tuulize chuma kwanza, rangi baadaye.