Kumbukumbu ya Mzee Huanza Kutunzwa Ujanani



Ndugu zangu wanachuo, likizo iliyopita nilirudi nyumbani Buyenzi, hapa Bujumbura, nikakuta shauri limekwisha kukatwa. Babu yangu, aliyefundisha watoto wa mtaa Qur'ani kwa zaidi ya miaka 40, alikuwa aondolewe darasani. Shangazi aliniambia kwa sauti ya chini, "Babu yako akili imechoka. Ukimuuliza hivi, anajibu vile. Juzi mtoto kasoma aya kwa makosa, naye akaitikia tu." Mezani palikuwa na chupa tatu za unga, kila moja imenunuliwa kwa ahadi ya kurudisha kumbukumbu.

Mimi nasoma uuguzi, mwaka wa mwisho. Baada ya Alasiri nikakaa mbele ya Babu, uso kwa uso, tukazungumza. Sikumuuliza mambo ya zamani, kwa sababu ya zamani hubaki hata kwa mgonjwa. Nilimuuliza jana tulikula nini, nani alikuja kumsalimia, leo ni siku gani. Alijibu yote. Kisha akanigeuzia kibao: "Na wewe, mjukuu wangu, endelea hapa." Akanianzishia aya ya juzuu niliyoihifadhi kwake nikiwa na miaka 12. Nikaendelea maneno manne, nikakwama. Niliyekuja kupima kumbukumbu ya mzee ndiye niliyeshindwa mtihani.

Kesho yake nikaangalia vizuri. Akiitwa kutoka upande wa kushoto, au gereji za jirani zikipiga kelele, ndipo anapojibu ovyo. Tukampeleka hospitali. Sikio la kushoto lilikuwa limezibwa na nta ngumu, na hata baada ya kusafishwa ikaonekana usikivu wake umepungua. Tena alikutwa na presha ya juu ambayo hakuwahi kuijua. Alhamdulillah, leo anatumia dawa ya presha, na watoto wanasoma wakiwa wamekaa mbele yake, kuliani. Kwa idhini yake naandika haya, ili tujifunze.

1. Tujue uzee ni upi na ugonjwa ni upi

Mzee kusahau jina, likamjia baada ya saa moja, ni jambo la kawaida. La kutia wasiwasi ni kupotea njia aliyoizoea, kurudia swali lilelile kila baada ya dakika chache, au kushindwa kuhesabu fedha alizokuwa akizihesabu kila siku. Hapo apelekwe kwa daktari, asipelekwe kwa mganga wala asisingiziwe uchawi. Baadhi ya sababu hutibika: upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, huzuni ya muda mrefu, hata dawa anazomeza kwa ugonjwa mwingine.

2. Tulinde masikio, moyo na mishipa ya damu

Mwaka 2024 jopo la wataalamu walioandika katika jarida la Lancet walitaja mambo 14 yanayochangia maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Miongoni mwake ni kupungua usikivu na uoni, presha, sukari, tumbaku, kutofanya mazoezi, upweke, na kukosa elimu utotoni. Walikadiria kwamba kama yote 14 yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya maradhi hayo yangezuiwa au kucheleweshwa. Angalia orodha hiyo tena: mengi huanza kabla mvi hazijatoka. Ubongo unalishwa na mishipa myembamba ya damu, na presha isiyotibiwa huiharibu kimyakimya kwa miaka mingi. Naye asiyesikia hujitenga na mazungumzo, na ubongo usiozungumza na watu hukosa kazi.

3. Tutembee

Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo hipokampasi, inayotengeneza kumbukumbu mpya. Kwa kawaida hupungua ukubwa uzeeni. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wazee 120 waliofuatiliwa mwaka mzima. Waliotembea hadi dakika 40, siku tatu kwa wiki, hipokampasi yao iliongezeka kwa takriban asilimia 2. Waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu, yao ilipungua. Hapa hahitaji mtu kulipia ukumbi wa mazoezi. Mzee anayekwenda msikitini kwa miguu na kurudi amekwisha kuanza. Tusimkataze kwa kumhurumia, tumsindikize.

4. Tulale

Hili ni letu sisi vijana. Usiku wa kuamkia mtihani tunakesha na daftari na kahawa. Lakini ni katika usingizi ambapo ubongo huimarisha yale uliyoyasoma mchana. Anayekesha anajaza maji kwenye mtungi ambao hajaziba tundu lake. Isha ikishasaliwa, simu iwekwe mbali.

5. Tukumbuke bila kitabu

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana. Aliona kwamba mtu husahau kwa kasi saa za mwanzo, kisha kasi inapungua. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Marekani walionyesha kuwa wanafunzi waliosoma kisha wakajilazimisha kukumbuka bila kuangalia, baada ya wiki moja walikumbuka zaidi kuliko waliosoma tena na tena.

Wahifadhi wetu waliijua njia hii zamani, wakaiita murajaa: funga msahafu, soma mbele ya mwenzako akusahihishe. Mtume (s.a.w.) alimfananisha aliyehifadhi Qur'ani na mwenye ngamia waliofungwa: akiwaangalia anabaki nao, akiwaacha wanaondoka. Babu amewaangalia ngamia wake kila siku kwa miaka 40. Mimi niliwaacha porini tangu nilipoingia chuo.

Ndiyo sababu nilipinga aondolewe darasani. Kumwambia mzee "pumzika, usifanye chochote" tunadhani ni heshima, kumbe tunamnyang'anya mazoezi ya akili na watu wa kuzungumza nao kwa mara moja.

6. Chakula, si chupa

Samaki wa ziwa letu, maharagwe, lengalenga na matunda vinatosha, na chumvi ipunguzwe. Kuhusu unga wa kurudisha kumbukumbu, tuwe waangalifu. Ginkgo, mti unaosifiwa sana kwa kazi hiyo, ulijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000 kwa miaka kadhaa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha haukuzuia ugonjwa. Fedha za chupa zile tatu zingefaa zaidi zingenunua dawa ya presha.

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba kinga asirudishwe kwenye umri dhalili. Basi tuombe, na tufunge ngamia. Wapo watakaofanya yote haya na bado ugonjwa ukawafika. Hao si wa kulaumiwa wala kufichwa ndani, haki yao kwetu ni subira na huruma.

Likizo hii, ukifika nyumbani, fanya matatu. Mketi mzee wako uso kwa uso, uzungumze naye taratibu. Mpeleke akapimwe presha, sukari na masikio. Kisha mwombe akufundishe kitu anachokijua, nawe umsomee bila kuangalia.

Mimi nimerudi kwa Babu. Kila Jumapili nampigia simu, naiweka sauti juu, namsomea nusu ukurasa. Wiki iliyopita nilikosea mara mbili, na mara zote mbili alinishika.

Wabillahi tawfiq.