Je, kisukari huambukiza?

Swali: Daktari, mama mkwe wangu ana kisukari. Ndugu wamemtengea kikombe na sahani wakihofia kuambukizwa. Wanasema amekipata kwa kunywa chai yenye sukari nyingi. Ni kweli?

Jibu: Si kweli. Kisukari hakiletwi na kijidudu, hivyo hakiambukizwi kwa chombo, mate, choo wala tendo la ndoa. Kuleni naye sinia moja.

Kongosho hutoa insulini, inayoingiza sukari ya damu kwenye seli. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili huharibu seli zinazoitengeneza. Katika aina ya pili, mwili hauitikii insulini ipasavyo. Aina hii ya pili huchangiwa na urithi, kitambi, umri na kukaa bila mazoezi. Sukari peke yake si chanzo, ila soda na chai tamu kila siku huongeza uzito. Hata wembamba huugua.

Vitu viwili msichangie: sindano na kitobolea kidole, kwani vinaweza kupitisha VVU na homa ya ini.

Mume wako, kwa kuwa ni mwanawe, apimwe sukari asubuhi kabla ya kula. Ikifika milimoli 7 kwa lita, arudie kipimo na kumwona daktari.