Fahamu Maumbo ya Kishale Unapojaza Fomu Mtandaoni

Leseni ya biashara, ada ya maegesho na kodi ya ardhi sasa hulipwa mtandaoni katika kaunti nyingi. Mkazi anayetumia kompyuta, iwe nyumbani au kwenye saiba, anaweza kuongozwa na kishale, yaani alama inayotembea kwenye skrini kipanya kinaposogezwa. Umbo lake hubadilika, na kila umbo lina maana.

Mshale: Ni umbo la kawaida. Mara nyingi hapo hapana cha kubofya, ingawa baadhi ya vitufe havibadilishi mshale. Soma maandishi ya kitufe pia.

Mkono wenye kidole kilichonyooshwa: Hapo pana kiungo. Ukibofya, utafunguliwa ukurasa mwingine au hatua inayofuata.

Mstari wima unaofanana na herufi I: Hapo pana maandishi. Ikiwa ni kisanduku cha fomu, bofya ndani kisha uandike.

Duara lililokatwa kwa mstari: Hatua hiyo bado haijaruhusiwa. Huenda umeacha nafasi ya lazima wazi, kama nambari ya kitambulisho, au hujakubali masharti. Rudi juu ukague fomu.

Duara linalozunguka: Mfumo unashughulikia ombi lako. Subiri. Ukibofya "Lipa" mara ya pili, unaweza kutuma ombi jingine la malipo. Kagua kwanza ujumbe wa M-Pesa au wa benki, kisha uamue kama ni lazima kurudia.

Ni muhimu kukumbuka kwamba umbo la kishale linaweza kuchaguliwa na aliyetengeneza tovuti. Mkono huonyesha kwamba panabofyeka. Hauthibitishi kwamba tovuti ni halali. Tovuti ya walaghai nayo huonyesha mkono uleule. Kwa hivyo, kabla ya kubofya, acha kishale juu ya kiungo bila kubonyeza. Katika vivinjari vingi vya kompyuta, anwani ya kiungo hicho hutokea chini ya skrini. Anwani za taasisi za serikali nchini Kenya kwa kawaida huishia na .go.ke. Ukiona anwani usiyoielewa, usiweke nambari ya siri wala kulipa.

Wanaotumia simu ya kugusa hawaoni kishale. Wao wabonyeze kiungo kwa muda bila kuachilia ili waone anwani yake, na wasome kila kitufe kabla ya kukigusa.