Usimeze Kidonge Usichokijua

Mtu akikupa kidonge cha kuondoa usingizi sokoni Tengeru, usikimeze. Macho hayawezi kuona kilichomo.

Vidonge haramu vikikamatwa, hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Mtaalamu husaga kidonge, kisha hudondoshea unga wake dawa ya kupimia. Rangi ikiwa ya machungwa au kahawia, hushuku amfetamini. Lakini rangi peke yake haitoshi. Mashine hutenganisha vitu vilivyomo ili kuthibitisha.

Vidonge vinavyouzwa kwa jina la Captagon vimekutwa na amfetamini na kafeini. Amfetamini huficha uchovu, haiuondoi. Moyo huenda mbio, na unaweza kusimama.

Umechoka? Pumzika. Unaumwa? Nenda zahanati.